Dawa ya Kifua ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kaja maabara leo. Kwa miguu yake! Kanikuta nafuta vioo vya hadubini, akaweka mezani kifurushi cha majani makavu — yale yale ya dawa ya kifua anayowachemshia majirani tangu mume wangu hajazaliwa. Kasikia redioni kuwa majani ya jamii ile yana alkaloidi, sumu inayoharibu seli kimyakimya. Nikadhani kaja kubisha. Kumbe anataka nipime. Nikamwuliza, na tukikuta baya? Akasema bora aumbuliwe na mkwewe kuliko na kaburi la mtu. Mimi nisingethubutu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeotesha mizizi ya vitunguu — mingine kwenye maji matupu, mingine kwenye dawa ya mama. Ya maji ni mizima. Ya dawa, hapana. Seli ikigawanyika, kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, hugawana sawa kwa sawa, kama ndugu wenye adabu. Humu zimekatika, vipande vimeachwa njiani. Nimerudia, nikiomba niwe nimekosea. Mkuu wa maabara katazama, akanipa pole. Kitunguu si mtu, kasema, tusitie chumvi. Ila dawa isinywewe tena.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwambia mama. Mume wangu kanuna — eti namvua mama yake nguo hadharani. Mama akamkata kauli: "Huyu kanisitiri. Ningekufa naamini naponya watu." Akamwaga sufuria nzima chooni, akaulizia viatu vyake vya kutokea.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba kwa nyumba, mtaa mzima. Miguu imenivimba; yake nadhani ya chuma. Kila mlango anaanza mwenyewe, hanisukumii mimi: nilikupa dawa, ina madhara, naomba unirudishie. Wengine wakacheka. Fundi cherehani akagoma, eti ndiyo iliyomtoa kitandani. Mama hakugombana. Kaketi kwenye benchi lake, kasikiliza kile kifua kinavyokoroma, akamwahidi kumpeleka hospitali yeye mwenyewe. Tukatoka na chupa yake ya dawa. Nimeolewa nyumba gani hii, jamani! Najivuna.

Alhamisi, 14 Machi
Fundi kaanza matibabu. Nikadhani tumemaliza. Asubuhi mama kakunja mkono wa blauzi mbele ya mkuu wa maabara. Kumbe kila sufuria alikuwa anainywa yeye kwanza, miaka yote hiyo. Anataka kromosomu zake zikaguliwe. Mkuu akasita, akamweleza kuwa kitakachoonekana huenda kisiwe na tiba.
"Wale niliowanywesha wataniuliza. Niwajibu nini?"
Damu ikatolewa. Mume wangu hajui. Mama kanikataza kumwambia.

Jumatatu, 18 Machi
Slaidi ya damu ya mama iko tayari. Mkuu yuko kikaoni, kaniachia mimi. Mama kakataa kungoja koridoni. Yuko kiti cha plastiki, nyuma yangu. Kasema nisimpunguzie wala nisimwongezee. Nimemwambia naweka kumbukumbu za kazi kwanza. Uongo; naandika haya tu. Mikono yake imetulia mapajani. Sasa kasogeza kiti.
"Weka kalamu chini, mwanangu. Inama utazame."