Niliposema Malaria

Alhamisi, 11 Oktoba 2018

Sijawahi kumwambia mtu hili: namwonea aibu mama yangu. Si yeye – kazi yake. Ni nesi Fort Worth, Texas, na alfajiri kabla ya shifti anafanya utafiti wa masters: je, nesi wa kijijini aliyefundishwa vizuri anaweza kumpa mwanamke vidonge vya kutoa mimba salama, bila kungoja daktari? Anapiga simu kwa manesi wa Ethiopia na Nepali, sebuleni, mlango wazi! Najua ni kazi nzuri. Wanawake wanakufa. Najua. Ila rafiki yangu Queen aliponiuliza kanisani mama anasomea nini, mdomo ukasema malaria. Sasa jumuiya nzima inajua malaria. Na Jumamosi sala ni zamu yetu – hapa hapa nyumbani kwetu Euless!

Jumamosi, 13 Oktoba 2018

Imetoka. Yote.

Rozari iliisha salama. Kwenye nia za maombi, Mzee Kalisti akafumba macho: tumwombee Mama Joyceline na utafiti wake wa malaria. Mama akafumbua macho. Akanitazama mimi tu. Nilitamani kochi linimeze.

“Si malaria, Mzee. Ni vidonge vya kutoa mimba.” Sauti ile ile ya kuuliza nani anataka chai.

 Ndege ikapita juu ya paa, hakuna aliyetikisika. Mzee Kalisti akasema hiyo yeye haiitikii amina. Nikajua tumekwisha, tutatengwa.

Halafu Mama Kamugisha, mwenyekiti – yule anayetukemea tukivaa jinzi kanisani! – akasema mdogo wake Pelagia alikunywa madawa ya kienyeji kule Muleba, peke yake, akiogopa kusema. Walimzika ana miaka kumi na tisa. “Angekuwepo nesi wa kumwendea...”

“Mimi bado siungi mkono,” Mzee Kalisti.

“Hujaulizwa, Kalisti. Kula sambusa,” Mama Kamugisha.

Watu wakacheka! Alikula nne. Hakuna aliyeondoka. Mungu wangu! Nilienda bafuni nikalia kwa raha.

Jumapili, 14 Oktoba 2018

Mama hajaniuliza kitu. Sasa hivi yuko sebuleni, anamsimulia mama mdogo kwenye simu: eti malaria, wewe! Anacheka mpaka anakohoa. Na mimi nacheka huku, mkono mdomoni. Yaani tangu jana kifua chepesi.

Kashusha sauti. Anasema labda niliogopa watu. Au labda namwonea aibu yeye, hajui, hathubutu kuniuliza.

Hathubutu! Mama, asiyemwogopa hata Mzee Kalisti!

Kwa mdomo sitaweza, najijua. Simu imekatwa. Ndala zake hizo, kwenye korido. Siku nyingine ningeshausukuma ukurasa huu chini ya godoro. Anagonga. Leo siufichi. Nasema ingia, Mama, kaa hapa, usome –