Miwani ya VR na Sebule ya Mama

Mdogo wangu Festo,

Kamwene. Huku Ujerumani baridi imenishika hadi kwenye mifupa, lakini nipo, nakula na kazi nafanya. Mama kikohozi kimeisha? Na wewe bado unaenda gereji bila kunywa chai, mbishi wewe?

Nimepata ujumbe wako kuhusu ile miwani ya VR. Umenibembeleza vizuri, eti nikikununulia utaacha kwenda banda la gemu pale stendi, utacheza nyumbani na Mama hatabaki peke yake jioni. Hapo ulinipata. Tangu Baba atutoke, kila nikimpigia Mama ananiambia nyumba imekuwa kubwa, anaongea na redio. Nikasema basi, nitanunua, ila kwanza niijaribu mwenyewe.

Jumapili nikaenda kwa Efua, Mghana tunayefua naye mashuka hospitalini. Anaishi na mama yake mzazi. Sebule yao inameza yetu na nafasi inabaki, lakini bado tulisogeza meza na kukunja zulia. Hiyo miwani inataka uwanja, Festo! Unatembea kwelikweli, unainama, unarusha mikono, na cha chumbani huoni hata kimoja, unaona ya ndani ya gemu tu. Nikawaza matenga ya nyanya ya Mama yaliyopangwa hadi mlangoni. Ungekanyaga tenga moja tu, ungehama Ilula.

Ila jamani, tamu! Nilipita msituni, nikavuka daraja, moyo unanidunda. Mbele akatokea mzee na mkongojo, akaninyooshea mkono. Mimi na malezi yetu, hata sikufikiri: nikapiga magoti, "Kamwene, baba!" Kumbe nilishaifikia meza bila kujua. Paji la uso likagonga ukingo, paa! Efua alicheka mpaka akakaa chini.

Nikavua miwani, nasugua nundu. Ndipo nikamwona mama yake. Alikuwa kwenye kona ya kochi, amekunja miguu juu tusije tukamkanyaga, sweta analofuma limelala mapajani. Muda wote alikuwa hapo. Nilipoingia nilimsalimia juujuu, nikakimbilia mashine. Yaani mzee wa kwenye miwani nimempigia magoti, na mama wa watu sijamuuliza hata ameshindaje! Niliona aibu, mdogo wangu. Nikaenda kukaa naye. Tuliongea Kijerumani chetu kibovu mpaka chai ikapoa, amenishika mkono hataki kuuachia.

Kwa hiyo siitumi. Usinune. Mwenye sebule tupu na anayeishi peke yake inamfaa, tena sana. Kwetu ungekuwa nyumbani na Mama bado yuko peke yake, tena safari hii amekunja miguu.

Nisalimie Mama Mdogo wa Ruaha Mbuyuni, vitunguu vyake navikumbuka. Shangazi mwambie niliona simu yake, nitampigia. Mjomba katekista aniombee.

Kifurushi nimempa dada mmoja wa Mafinga anayerudi likizo, atakishusha hapo Ilula akipita. Ni gemu ya mpira ya kuchomeka kwenye TV, na padi mbili za kushika mkononi. Moja yako. Nyingine ni ya Mama. Mfundishe taratibu, na akikufunga usiseme kabahatisha.

Dada yako anayekupenda hata ukinuna,
Skola