Mawe Tuliyompa Fundi Magembe

Machimboni, Geita

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute unatembea bila fimbo. Mama naye, kifua kimetulia? Sisi pacha wako wazima, mimi na Doto, kufikia asubuhi ya leo.

Ningepiga simu, ila tunalala chini ya turubai moja na hili sitaki Doto alisikie.

Shimo letu limefika kwenye mawe mazuri, yenye dhahabu. Tukamtafuta fundi wa kusimika magogo ya kushikilia kuta, anaitwa Magembe, mcheshi, anaamkia hadi mbuzi. Huku fundi halipwi noti, analipwa mawe. Tukampa viroba vyote tulivyokuwa navyo kabla hajagusa kazi. Magogo hatujayaona hadi leo.

Nikaenda polisi. Askari akauliza, "Alikukaba?"

"Hapana, afande. Tulimsaidia kupakia."

Akacheka hadi akavua kofia. Akasema kama sina ushahidi kwamba alikusudia kututapeli tangu mwanzo, hayo ni madai, niende mahakama ya mwanzo. Kwanza nikajaribu baraza la kata watupatanishe. Magembe akaja, kajipaka mafuta, akasema, "Wadogo zangu, yale mawe yalikuwa matupu. Nimesaga, sikuona hata chembe. Kwa hiyo hamjanilipa."

Nikatoka pale moja kwa moja hadi mahakamani, Baba.

Karani wa mahakama, mama mmoja mpole, ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, mwandikie Magembe barua ya madai, mpe siku, tunza nakala, tafuta aliyeona. Nimempata mwenye karasha, mashine iliyosaga viroba vyetu. Dhahabu aliiona ikitoka, na amekubali kuja kusema. Kesi ni Alhamisi ijayo. Karani akaongeza kwamba naweza kuweka fundi mwingine, nipige picha shimo lilivyo, nitunze risiti, gharama nimdai Magembe. Sheria ni nzuri, Baba. Inataka tu mdai awe hai siku ya kuitwa.

Maana fundi mwingine naye anataka mawe kwanza, na mawe yako chini.

"Nashuka Jumatatu," Doto anasema.

"Bila magogo?"

"Si ndiyo naenda kutafuta ya kulipia magogo! Kulwa, wewe uliyesomea magazeti ya kufungia vitumbua, huelewi nini?"

Mvua zimeanza. Jana nilikaa mdomoni mwa shimo nikasikia udongo ukidondoka kidogo kidogo, kama mtu anapepeta mtama. Wewe uliyechimba Maganzo unaijua sauti hiyo. Nilipokohoa ikanyamaza. Halafu ikaendelea.

Mimi hanisikii, anasema nilimtangulia kuzaliwa kwa dakika tu. Barua hii anakuletea dereva wa lori la mahindi, Jumamosi utakuwa nayo. Ukiisoma, mpigie Doto umwite nyumbani. Sema ng'ombe mwekundu kapotea, sema wakwe wamekuja, sema unaumwa. Uongo wangu nimeumaliza wote, nimebaki nakutegemea wewe, mtu mkweli.

Nisalimie Mama, na shangazi muuza dagaa. Mke wa Doto mwambie mumewe anakula vizuri. Hilo ni kweli.

Mwanao,
Kulwa

Kamba ya kushukia nimeifukia kwenye gunia la unga. Unga wenyewe utatufikisha Jumapili.