Fundo la Mzee Halishiki Hapa

Februari 3

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama hamjambo, na magoti yako siku hizi yanakubali kushuka ngazi. Mimi ni mzima wa afya, ila nimeshushwa kwenye boti.

Usiruke kwenye kiti, nisikilize kwanza. Nahodha amenunua uzi mpya, ule wa kusuka, nyuzi nyingi zilizosukwa kuwa mmoja, mwembamba kama wa cherehani lakini ukiuvuta unakukata kidole. Sote tuliufurahia. Kisha akaamuru ndoana zote zifungwe kwa fundo lako. Unamjua huyo, ulimfundisha kazi mwenyewe, na mpaka leo akilitaja anaweka mkono kifuani. "Fundo la Mzee halijawahi kuniangusha," anasema. Baba, kwenye uzi huu linaangusha. Nimelifunga, nimelilowesha, nimelivuta. Linateleza mpaka ncha inachomoka na ndoana inabaki peke yake.

Nikamwambia sifungi. Kwenye boti yetu samaki akitoroka na ndoana, anayelaumiwa ni aliyefunga. Akasema, "Basi shuka." Nikashuka, tena na ndoo yangu. Sasa nafanya kazi kwenye ghala la barafu, hapo hapo gatini, ili kila asubuhi akipita anione. Boti ile nitairudia, lakini sitairudia kwa kufunga fundo ninalojua litafunguka.

Nakuomba jambo moja tu: jaribu mwenyewe. Nimeweka kipande cha uzi ndani ya bahasha.

Mwanao


Februari 14

Binti yangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama unavaa sweta huko kwenye barafu. Magoti yangu hayakuhusu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Fundo hilo nilipewa na baba yangu. Unapitisha uzi kwenye jicho la ndoana, unauzungusha mara tano, ncha inarudi kwenye kitanzi kidogo, mate, vuta. Limelisha nyumba hii, limekusomesha, na mabati unayolala chini yake ukija likizo yaliletwa na fundo hilo. Leo wewe, niliyekufundisha kulifunga kabla hujajua kufunga viatu, unasimama mbele ya watu kusema fundo la baba yako linateleza?

Mwacha asili ni mtumwa. Kamwombe Nahodha radhi, upande boti, ufunge ulivyofunzwa. Huwezi, rudi nyumbani.

Huo uzi wako Mama yako ameufungia mfuko wa chumvi.

Baba yako


Februari 21

Baba,

Shikamoo. Sweta navaa, mwambie Mama, tena mbili.

Radhi siombi na nyumbani sirudi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa hiyo ukimtafuta aliyenipa kichwa hiki, mwangalie kwenye kioo chako cha kunyolea.

Sikusema fundo lako ni baya. Kwenye nailoni sijaona mfano wake, kwa sababu nailoni ina mwili, ukiikaza inajibana yenyewe. Na ni wewe uliyenifundisha kwamba nailoni nene haitaki mizunguko mitano, inataka minne, vinginevyo fundo halikazi. Kumbe ulijua kuwa uzi ndio unaoamua. Mbona sasa unabisha? Huu wa kusuka unateleza kama sabuni. Unautaka hivi: ukunje mara mbili, upitishe hivyo hivyo kwenye jicho la ndoana, funga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha ipitishe ndoana nzima ndani ya kitanzi. Mate, vuta taratibu. Halina urembo, lakini haliondoki.

Jana nilitundika magunia mawili ya barafu mlangoni mwa ghala, kwa uzi ule ule. Moja kwa fundo langu. La pili kwa fundo lako, nalo alilifunga mpishi wa boti ili nisiambiwe nimefanya ujanja. Gunia lako lilishuka polepole watu wakitazama, mpaka likatua. Langu lilining'inia mpaka barafu ikayeyuka yote, likabaki gunia tupu. Nahodha akapita, akaangalia, akasema, "Barafu si samaki," akaenda zake.

Huyo nimemzoea. Wewe ndiye unayeniuma. Mfungulie Mama chumvi yake, Baba, ujaribu.

Mwanao yule yule


Machi 9

Binti yangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri, isipokuwa kiuno changu, na sababu utaisikia kwa Mama yako hata nikinyamaza, kwa hiyo bora uisikie kwangu.

Nilifunga uzi wako kwenye nondo ya dirisha. Fundo langu, mizunguko mitano, safi kabisa. Nikazungushia mkono kitambaa, nikaweka mguu ukutani, nikavuta. Sikuanguka. Nilikaa kwa haraka. Fundi cherehani wa jirani alikuja mbio kuuliza kama kabati limepinduka. Mama yako mpaka sasa akinipita mlangoni anaziba mdomo kwa khanga.

Nikafunga tena, nikakaa tena. Mara ya tatu nilimwambia fundi cherehani avute yeye, maana pengine kosa ni miguu yangu. Naye akakaa.

Uzi huo ni mbovu. Fundo halina kosa lolote.

Hilo lako nimelifunga pia, nipate kulicheka. Vidole vyangu havikunjiki vizuri siku hizi, likatoka baya kama uso wa mtu aliyeamshwa. Nililivuta. Sitaki kulizungumzia.

Baba yako


Machi 27

Baba yangu,

Shikamoo, na pole ya kiuno. Nimecheka mpaka mwenye ghala akaniuliza kama barafu imenipanda kichwani. Kisha nikaacha kucheka, na sasa nakwambia kwa nini.

Baada ya yale magunia, mpishi aliniletea ndoana zake nimfungie kabla boti haijatoka. Kesho yake akaja fundi mashine. Mwisho wakawa wanakuja wote, wanapanga foleni dirishani kwangu. Wakatoka na mafundo yangu, wakarudi na samaki makreti hayafungiki. Nahodha akasimama gatini, mkono kifuani, akatangaza kwa sauti: "Mmeona? Fundo la Mzee hilo!" Wenzangu wote wakatazama viatu vyao.

Nililia, Baba, nyuma ya barafu, kwa hasira. Asubuhi walipokuja na ndoana zao nikafunga dirisha. Nikawaambia mafundo yangu hayapandi tena boti bila mimi. Wakitaka fundo, wachukue na mfungaji. Namna ya kulifunga sijawaonyesha, nao wamegoma kutoka na ndoana zinazofunguka, maana lawama ni zao. Boti imelala gatini. Nahodha anasema nimewatia watu sumu, na mwenye boti anapiga simu kila saa.

Sasa nisikilize vizuri. Usiniombee. Najua kalamu yako haina subira. Nikipandishwa kwa barua ya baba, kesho nitashushwa kwa neno la mjomba wa mtu.

Mwanao


Aprili 8

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Nimemwandikia Nahodha. Usianze kunikaripia kabla hujamaliza kusoma.

Sikukuombea. Jina lako sikuliandika hata herufi moja. Nilichoandika ni hiki, nanakili kama kilivyo:

"Nahodha, nasikia unanisifu kwa samaki. Samaki hao si wangu. Kwenye uzi huo fundo langu halishiki. Nimelijaribu nyumbani kwangu, nikaanguka chini mbele ya mke wangu. Ulinisifu mbele ya watu, basi na hii isome mbele ya watu hao hao. Sijawahi kula samaki wa mtu mwingine, na sianzi uzeeni."

Ilinichoma kuiandika, mwanangu. Mimi majini sirudi tena, na hilo fundo ndilo lililokuwa limebaki langu huko. Mama yako alikaa kando yangu, nami nilitamani hata anicheke.

Basi jina langu nimelisafisha. Yaliyobaki ni yako na yeye. Akikupandisha, panda. Asipokupandisha, kaa hapo hapo dirishani umtazame. Na nikisikia umemwomba radhi, usije hapa likizo.

Baba yako


Mei 12

Binti yangu,

Shikamoo yako haijafika mwezi mzima, kwa hiyo marahaba naitoa bure. Sisi tu wazima. Kiuno kimepona.

Sikuwa na haja ya kuuliza. Dereva wa lori la barafu amepita hapa, akanywa chai, akasema kila kitu. Kwamba koleo la ghalani limeshikwa na mtu mwingine. Kwamba boti inatoka kabla hakujapambazuka, na penye ndoana amekaa mwanamke mwenye sweta. Mama yako kwa hiyo sweta ameimba jikoni siku nzima.

Akasema Nahodha aliisoma barua yangu mwenyewe, gatini, wote wakiwa wamesimama. Alipofika pale nilipoanguka aliikunja karatasi, akaikunjua, akaanza upya mpaka akaimaliza. Kisha akaja mlangoni kwako, akakunyooshea ndoana. Nawe ukamwacha amesimama na mkono wake hewani mpaka ukamaliza kupakia barafu. Hapo nikamwambia dereva, huyo ni wangu, hata daktari asipime.

Lakini usidhani nimenyamaza. Uzi wa kusuka samaki anauona. Unganisha kipande cha nailoni mbele yake, na ndoana kwenye nailoni hiyo ifungwe kwa fundo langu. Nyembamba mizunguko mitano, nene minne, mate, vuta. Uzi wako ufunge utakavyo, hapo sina neno. Kwenye nailoni sishuki. Nikisikia umefunga vingine, nakuja huko gatini na magoti yangu haya haya.

Baba yako