Fuvu Lililovaa Kofia ya Baba

Jumatatu, 9 Juni
Nimechoka mpaka kope zinauma. Kufagia ukumbi, hisabati, kwaya, halafu jaribio la fizikia — jaribio Jumatatu! Lakini hii ni Wiki ya Usalama, na nani kachaguliwa kusoma tangazo Ijumaa mstarini? Mimi! Kwa sauti hii, kipaza sauti ni anasa tu. Wivu umewajaa. Wanasema narudia darasa. Ndiyo, ndiyo maana nalijua kuliko wao! Mada: umeme. Mtoto wa fundi umeme kupewa umeme? Samaki kapewa maji.

Jumanne, 10 Juni
Tangazo nimepewa na mwalimu likiwa tayari. "Wananchi mnakumbushwa kuzingatia tahadhari zote." Lo! Nani aliwahi kuamka asubuhi akajiita wananchi? Mama anadhani anaambiwa jirani, jirani anadhani anaambiwa Mama. Karakanani kwa Baba kuna bango la fuvu, HATARI, jekundu kabisa. Baba kalipigilia msumari, anatundikia kofia. Miaka mitatu fuvu linavaa kofia. Limependeza, nalo!

Jumatano, 11 Juni
Nimesinzia kwenye jiografia. Jirani yangu wa dawati kanichora sharubu. Zimenikaa vizuri, sikufuta.
Baada ya shule nikaenda na Baba kwa fundi cherehani, taa zake zimekufa. Baba hakuzima swichi kuu. Hazimi kamwe. Hupima waya kwa mgongo wa kidole, eti umeme ukiwepo mkono unaruka wenyewe. "Mimi na umeme tumekua pamoja," akasema. Tukacheka. Baba ana maneno!
Pa! Akatupwa kwenye rundo la vitambaa.
Nikamwita mara mbili.
Kisha akafumbua jicho moja: nisimwambie mama yangu. Njiani alikuwa ameukumbatia mkono wake kifuani. Sanduku la vifaa nimebeba mimi. Hajawahi kuniachia lile sanduku.

Alhamisi, 12 Juni
Usingizi haukuja. Kwenye kemia nimejibu maswali ambayo sikuulizwa. Tangazo la mwalimu nimelichana, naandika langu. "Baba, ukituacha, nani atatuchekesha mezani?" Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta. Wangenicheka mpaka nimalize shule, na kwa mwendo wangu hiyo ni miaka mingi.
Mama kanikuta na daftari, kauliza ni ugonjwa gani. Nikasema fizikia. Hakuamini. Akatazama mkono wa Baba, akanitazama mimi, akarudi kwenye sufuria yake. Baba akasifia mboga mara tatu. Mzee muoga huyo!

Ijumaa, 13 Juni
Naandika nikiwa sakafuni, chumba cha umeme cha shule, mgongo kwenye mlango. Nimejifungia.
Asubuhi kipaza sauti kiligoma kabla sijafungua mdomo. Waya za ukumbini zimeungua. Mkuu wa shule kamwita nani? Baba! Kaja na ngazi, na kofia. Nikamwona anapanda, kidole tayari. Nikachomoka mstarini mbio, nikaja hapa, nikashusha swichi kuu.
Mashine ya kuchapia mitihani imezimika katikati. Mkuu anagonga: nifungue, niwashe, la sivyo narudi nyumbani na barua. Nikamjibu, "Shikamoo, Mkuu. Siwashi." Mimi ambaye hata nafasi ya kurudia darasa niliombewa! Na barua hiyo nitampelekea nani? Yuleyule aliye juu ya ngazi.
Ukumbi uko nyuma ya ukuta huu. Nikapaza sauti yangu yote: "Baba! Nimezima! Niko hapa swichini, sibanduki!"
Nikangoja utani wake. Haukuja.
Kisha, polepole: "Ni wewe, mwanangu?"
"Ni mimi."
"Basi kaa hapohapo. Usimpishe mtu mpaka nishuke."
Nasikia koleo lake likikata. Waya wa kwanza. Mkuu alikwenda kumwita mlinzi. Sasa zinarudi hatua za watu wawili. Nimeegemeza mgongo vizuri. Waya wa pili —