Risasi Tatu za Heshima ya Baba

Marafa,
3 Juni 2025

Mpendwa Dada Easter,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta una nafuu, na kwamba shemeji na watoto hapo Watamu ni wazima. Sisi huku hatujambo. Mvua imetosha na mahindi yamefika kiunoni. Mama anakula sasa, na kila jioni huuliza kama umepiga simu.

Ulitaka kujua ombi letu kwa Bunge limefikia wapi. Tumepata sahihi mia nne na kumi na mbili. Tunaomba sheria iseme wazi kwamba mwenye leseni ya bastola aiache katika kituo cha polisi kabla ya kwenda mazikoni au harusini, na akikaidi apokonywe leseni. Katika baraza la Ijumaa mzee mmoja alituchokoza, akauliza kama kesho tutapiga marufuku mapanga. Zipporah wa dukani alimwambia, babu, panga haliruki ua likamfuata mtu anayeosha sahani. Watu walicheka, kisha kila mmoja akamkumbuka binti yako Viola. Yule mzee akaomba kalamu.

Kamati ya Bunge itatusikiliza Malindi Alhamisi tarehe 12, nami nimechaguliwa kusema kwa niaba ya familia. Uliniandikia kwamba unamshukuru Mungu kwa kukupa ndugu kama mimi. Dada, shukrani hiyo sikuistahili.

Watu wote wanaamini binamu yetu Tsuma alifyatua risasi zile tatu kwenye maziko ya Baba kwa majivuno yake. Ndivyo alivyoandikisha polisi, na ndivyo ulivyomlaani. Ukweli umo katika shajara yangu, ukurasa wa tarehe 8 Februari, wala hakuna aliyeusoma. Nilimwomba mimi. Baba alilinda magereza miaka thelathini, na alizoea kusema kwamba wakubwa huzikwa kwa mizinga na wadogo kwa koleo. Asubuhi ile nilimvuta Tsuma kando nikamwambia ampigie mjomba wake tatu hewani. Alikataa, akasema bastola si ngoma. Nikamwambia kumbe ni mwoga. Ya tatu mkono wake ulishuka, risasi ikavuka ua hadi penye sahani, na wiki iliyofuata tukamzika Viola.

Tsuma hajanitaja hata mara moja. Juzi nilimwendea nikamwambia nitasema. Alinijibu kwamba nianze na mama wa mtoto, Bunge baadaye.

Tarehe 12 nitayasema haya mbele ya kamati, kisha niende kituoni kuandikisha maelezo yangu. Ombi sitaliondoa. Kama bastola ile ingekuwa imefungiwa kituoni siku ile, kiburi changu kingeishia mdomoni.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Sitakanyaga Watamu mpaka uniite, na usiponiita nitaelewa.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana. Yeye bado hajui.

Ni mimi, ndugu yako mdogo,
Ngumbao