Madirisha Manne ya Mahongole

Njombe, Jumapili alasiri, mwezi wa Julai.

Baridi. Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, nikawa nazisikia zikivunjika chini ya viatu nilipokuwa naenda kanisani. Sasa ni alasiri na ukungu bado haujaondoka. Mwili umechoka, akili imechoka, na mtu akiniuliza leo ninafanya kazi gani nitamjibu kwamba kazi yangu ni kuchoka.

Nilirudi jana kutoka kijiji cha Mahongole, karibu na Makambako, juu ya lori la mahindi. Tangu nimalize kula nimekaa na fomu ya ripoti mezani, na sijajaza kitu ila jina langu. Kesho bwana wetu anaitaka. Kwa ripoti hii ataamua kama nyumba ya wajawazito itakayojengwa Igwachanya ifuate ramani ileile ya nyumba ya Mahongole.

Ramani ile niliichora mimi.

Bwana wetu ni Mwingereza, mkubwa wangu katika ofisi ya ujenzi. Jumamosi, kazi ya serikali ikiisha, mimi na yeye tunachora bila malipo kwa ajili ya vijiji visivyoweza kumlipa mchoraji. Yeye huandika barua kwa makanisa ya kwao kuomba michango. Mimi huzunguka vijijini kuomba matofali, mawe na mikono ya watu. Ni mtu mwema kweli. Ndiyo maana ripoti inanilemea, maana mtu mbaya ningekuwa nimeshamwandikia zamani.

Nyumba ya Mahongole ilikusudiwa wanawake wanaotoka mbali, waje wangojee siku zao na kujifungulia humo, karibu na zahanati. Niliichora kutoka kwenye kitabu cha ramani tulichopewa Dar es Salaam nilipokuwa najifunza uchoraji. Madirisha manne makubwa ya vioo, mawili yakitazamana na mawili, ili upepo upite vizuri. Mlango mpana. Sakafu ya saruji. Jiko nje, mbali.

Mimi ni Mbena. Nilizaliwa hapahapa Njombe, mwezi kama huu. Mama alinizaa pembeni ya moto, na wanangu watatu wote wamezaliwa pembeni ya moto, mke wangu akiwa ameuegemeza mgongo kwenye ukuta wenye joto. Hakuna aliyenificha jambo hili. Nikaenda kuwachorea Wabena nyumba ya kuzalia isiyo na moto, nikaufungulia upepo njia nne.

Na nikajisifu.

Wazee wa usharika waliipitisha siku hiyohiyo, wote wanaume. Walipenda madirisha, walisema nyumba itafanana na ya mmisionari. Wanawake walikuwa nje wanatupikia. Wao ndio waliobeba mawe ya msingi kichwani kutoka mtoni, safari baada ya safari, lakini hakuna aliyewaita ndani kuwauliza lolote. Hata mimi sikuwaita. Nilikula chakula chao nikashukuru, nikaondoka.

Nyumba ilipokwisha bwana aliipiga picha, jua likiwa kwenye vioo. Picha ile ndiyo inayosafiri na barua zake. Watu wa kwao wanaitazama na kusema, tazama mwanga, tazama hewa safi, kisha wanatuma michango. Igwachanya itajengwa kwa sababu ya picha ile.

Mwezi uliopita nilipopita Mahongole nilikuta madirisha yote manne yamezibwa kwa matofali ya udongo. Katikati ya chumba, juu ya saruji yangu, palikuwa na mafiga matatu na majivu. Dari imekuwa nyeusi. Aliyefanya hivyo ni Bibi Rahabu, mkunga wa kijiji, na hakukana.

Nilikasirika. Naandika hapa kwa sababu hapa sina wa kumdanganya: nilikasirika kwa ajili ya picha. Niliona aibu bwana akija kuikuta nyumba yake imekuwa kibanda cha moshi.

Nikamwita Samweli. Samweli ndiye mwashi aliyeijenga, Mkinga wa Makete, amemwoa Marta ambaye ni dada yangu wa ukoo. Nikamwambia azibue madirisha na kuyatupa mafiga nje.

"Shemeji," akaniambia, "baridi ya huku unaijua."

Nikamjibu kwamba ramani ni ramani.

Akazibua. Alizibua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika karatasi, na mimi nikapanda lori nikarudi Njombe nikiwa nimeridhika.

Wiki mbili baadaye Marta, mke wa Samweli, aliingia mle kungojea mtoto wake wa kwanza. Alivumilia siku mbili, amejifunika mablanketi mawili na kanga zake zote. Siku ya tatu, asubuhi na mapema, aliamua kurudi kwake kwenye moto. Uchungu ulimkamata njiani, karibu na daraja la miti, nyasi zikiwa bado nyeupe kwa umande. Alijifungua palepale, na mwanamke mmoja tu aliyekuwa anapita na kuni ndiye aliyemsaidia.

Alikuwa mtoto wa kiume. Aliishi mpaka jioni.

Mimi habari hizi nimezipata jana. Nilikuwa nimetumwa kuchunguza kwa nini nyumba haitumiki, nikaanzia kwa shemeji yangu kama kawaida, nikiwa na kilo ya sukari mkononi na mzaha wangu wa siku zote juu ya Wakinga na biashara zao. Samweli alinipokea mlangoni. "Kamwene, shemeji," akanisalimu, akanivutia kigoda. Ndipo akanieleza, polepole, bila kuniangalia. Hakusema ni mimi. Marta alitoka ndani na sahani ya viazi, akanisalimu kwa heshima, akaniuliza watoto wangu hawajambo.

Ningependa wangenitukana. Tusi lina mwisho.

Nilipotoka hapo nilikwenda kwenye nyumba yenyewe. Bibi Rahabu alikuwepo na wanawake wawili, wanayaziba madirisha upya. Aliponiona alisimama mlangoni na tofali mkononi, mfupi, mkali, kama kuku mwenye vifaranga. Nadhani alijua nimekuja kubomoa tena.

Nikavua koti. Nikamwambia, "Bibi, nionyeshe inavyotakiwa kuwa."

Akanitazama. "Bwana Ramani leo hana ramani?"

"Sina."

"Mwanangu, kwani wewe mama yako alikuzalia dirishani?"

Wale wawili wakaangua kicheko, nami nikacheka, halafu kicheko kikageuka na nikalia mbele yao, mtu mzima na penseli sikioni. Hakuna aliyenibembeleza. Bibi alingoja nimalize, kisha akaingia ndani, akalala chini kwenye saruji.

"Chora," akasema.

Alilala ubavu, akanionyesha mzazi anapolala na miguu inapoelekea. Akajisogeza akaketi pale anapokaa mama wa mzazi, anayemshika mabega. Akaninyooshea mahali moto unapotakiwa kuwa ili joto limfikie mzazi bila cheche kumfikia mtoto. Kuni ziwe ndani, maana hakuna wa kutoka kuzifuata usiku. Mlango uwe mwembamba, na mbele yake ukuta wa kuzuia upepo. Nilipomuuliza kuhusu moshi, akaelekeza kidole kwenye paa: uwazi mdogo juu, kwenye mgongo wa nyumba. Nilipomuuliza kuhusu mwanga, akafikiri sana, akakubali madirisha mawili madogo, juu chini ya paa, ambako upepo hauwezi kumlamba mtu aliyelala.

Nimekuwa mchoraji miaka saba. Kabla ya jana sikuwahi kumwona mtu akilala ndani ya ramani ili kuona kama inamtosha.

Basi, ripoti.

Fomu inauliza sababu ya nyumba kutotumika. Najua jibu linalopita bila maswali, maana nimewahi kuliandika kuhusu vijiji vingine: wenyeji bado hawajaelimika. Bwana atatikisa kichwa kwa huruma, atamtuma mtu akawafundishe wanawake faida ya hewa safi, na Igwachanya itapata madirisha yake manne. Mimi nitabaki na ahadi ya bwana ya kunipeleka masomoni mwaka ujao. Nikiandika ukweli, picha ile haiwezi kutumwa tena na barua, na michango inaweza kukauka kabla Igwachanya haijainua ukuta. Kwa saa tatu nimeliwaza hili kama mtu aliyewaza wiki nzima. Naogopa. Sioni sababu ya kujifanya siogopi.

Lakini Igwachanya nako kuna baridi, na kuna akina Marta.

Nimeandika hivi: nyumba haitumiki kwa sababu ina baridi. Mchoraji aliijua baridi ya Ubena lakini hakuwauliza wanawake. Wanawake waliisahihisha nyumba, mchoraji akaamuru masahihisho yabomolewe. Nimeambatisha ramani mpya, na penye jina la mchoraji nimeandika Rahabu, mkunga wa Mahongole. Sahihi ya chini ni yangu, kwa kuwa kosa ni langu.

Nilidhani nimemaliza. Nikageuza karatasi, nikakuta nyuma kuna sehemu inayouliza hasara iliyopatikana: mbao, saruji, vioo, vingine.

Nimekaa na mstari huo muda mrefu kuliko kurasa zote. Vioo vyote ni vizima. Mbao ni nzima. Mwishowe, penye "vingine", nimeandika: mtoto mmoja, wa kiume, wa Samweli na Marta.

Kesho bwana akiniuliza kwa nini nimemwandika mtu kwenye orodha ya vifaa, nitamwambia nilitafuta fomu nzima, na hapakuwa na mahali pengine pa kumweka.